Kitanda Hakizai Haramu: Siri, Sitara na Nasaba katika Riwaya ya The Book of Secrets ya M. G. Vassanji

Riwaya ya The Book of Secrets ya M. G. Vassanji ilichapishwa Kanada mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Giller katika mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo. Kwa kawaida husomwa kama riwaya ya fumbo la ukoo linalosimuliwa katika nyakati mbili. Katika wakati wa kwanza, mwaka 1913, ofisa kijana wa Kiingereza, Alfred Corbin, anapelekwa kutawala Kikono, mji mdogo ulio upande wa Waingereza karibu na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na huko anaandika shajara. Katika wakati wa pili, mwaka 1988, shajara hiyo inafika mikononi mwa Pius Fernandes, mwalimu mstaafu wa historia jijini Dar es Salaam, ambaye anaanza kuifuatilia kama mtafiti wa nyaraka. Kati ya nyakati hizo mbili kuna mtoto mmoja, Ali, na swali moja kumhusu: baba yake ni nani?

Mama yake, Mariamu, ni mpwa wa mukhi Jamali, kiongozi wa jamii ya Shamsi, jamii ya Kihindi ya Kiislamu ambayo jina lake ni la kubuni lakini ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huitambua bila taabu. Mariamu alikaa kwa muda nyumbani kwa Corbin na kumuuguza alipopatwa na homa kali. Baadaye akaolewa na Nurmohamed Pipa wa Moshi. Usiku wa harusi ilidhihirika kuwa hakuwa bikira. Mtoto akazaliwa mweupe, mwenye macho ya kijivu. Shajara haisemi lililotokea, Corbin hasemi, Mariamu anauawa wakati wa vita, na Pius anafika ukingoni mwa utafiti wake bila jibu.

Makala haya yanadai kuwa fumbo hilo, jinsi linavyowekwa mbele ya msomaji, ni fumbo la shajara tu, kwani kwa mujibu wa kanuni walizoishi nazo watu wa Kikono swali la nasaba ya Ali lilikwisha kujibiwa kabla hajazaliwa. Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Methali hiyo si mzaha wa barazani. Imesimama juu ya kanuni ya kifikihi kuwa mtoto hufuata kitanda, yaani hunasibishwa na mume wa mama yake maadamu ndoa ipo na mume hajamkana kwa utaratibu wa sheria. Kwa kanuni hiyo Ali ni mwana wa Pipa, basi. Linalohitaji kuhakikiwa ni namna jibu lililokuwapo lilivyogeuzwa kuwa siri, na ni nani aliyelipia gharama ya mageuzo hayo. Aidha, itaonyeshwa kuwa uamuzi wa Pius wa kunyamaza, ambao riwaya inauheshimu na uhakiki mwingi umeusifu, unafunika mambo mawili kwa pamoja, nasaba ya mtoto na kifo cha mama, na kwamba la pili halikustahili kufunikwa.

Daftari lisilo na mwenyewe

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani, na akahamia Kanada mwaka 1978. Suala la nasaba lilikuwamo tayari katika riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack (1989), ambamo Dhanji Govindji wa Matamu anafilisi mali yake, na isiyo yake, akimtafuta Huseni, mwana aliyemzaa na mtumwa wa Kiafrika, Bibi Taratibu. Ukizilinganisha riwaya hizo mbili, utaona kuwa ya pili imepindua ya kwanza. Katika The Gunny Sack nasaba inajulikana ila mtoto ndiye aliyepotea. Katika The Book of Secrets mtoto yupo mbele ya macho ya watu, tena anapendeza, ila nasaba ndiyo iliyopotea.

Imepotelea katika kitabu. Safari ya shajara yenyewe inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa msuko. Corbin anaiandika na kuipoteza. Inabainika baadaye kuwa iliingia mikononi mwa Mariamu, na baada ya kifo chake ikawa kwa Pipa, ambaye hawezi kuisoma. Pipa anaificha dukani kwake Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwaka 1988 mfanyabiashara Feroz, aliyewahi kufundishwa na Pius, anaikuta katika duka hilo la zamani na kumpelekea mwalimu wake. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huu, baada ya Corbin, aliyepewa shajara hiyo na mwandishi wake. Pius, mwanahistoria, anafanya kazi juu ya mali iliyochukuliwa.

Watu wa Kikono walikuwa na jina lao la kitabu hicho. Walipomwona ofisa akiandika usiku kwa usiku, waliamini kuwa ameziweka humo siri zao, na walikiita kitabu cha siri zao wenyewe. Kimilikishi hicho ni muhimu, na ajabu ni kwamba hakimo katika jina la riwaya. Jalada linataja siri tu, kana kwamba siri zaweza kuwapo bila mwenyewe, kama vile majalada ya wilaya katika Nyaraka za Taifa yanavyompa msomaji habari za watu ambao hawakuulizwa kama wangependa kuandikwa. Kila aliyewahi kukaa mbele ya majalada hayo anaifahamu hali ya Pius: furaha ya kukuta jina, na baada ya muda, haya kidogo.

Linda Hutcheon (1988) ameeleza aina ya riwaya ya kihistoria ambayo huisimulia historia huku ikiishuku kazi yenyewe ya kusimulia, na The Book of Secrets imewekwa katika kundi hilo mara kwa mara. Kwa usomaji huo, Pius anashindwa kwa sababu yaliyopita hayafikiki, pengo katika shajara ni alama ya pengo katika maarifa yote ya kihistoria, na ukomavu wa msimulizi ni kukubali kutojua. Usomaji huu hauna kosa, ila unaishia mapema. Unachukulia kuwa kutojua ni kwa aina moja, ilhali riwaya yenyewe inaonyesha kutojua kwa aina tatu tofauti kabisa: lile ambalo Corbin hakuliandika, lile ambalo Pipa hakuweza kulisoma, na lile ambalo hakuna aliyejisumbua kuliuliza. Aina hii ya tatu haitokani na asili ya historia. Watu ndio walioamua kutouliza.

Mpaka na ndoa

Mandhari ya Kikono yanahitaji maelezo mafupi, kwani ndiyo yanayoifanya ndoa ya Mariamu kuwa jambo la hatari. Mpaka kati ya himaya mbili ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890. Ulichorwa kwa rula kutoka Ziwa Viktoria hadi pwani, ukapinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro, na kuziacha Moshi na Taveta katika pande mbili tofauti. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na jamaa pande zote mbili na waliendelea kuoana. Mariamu wa Kikono anapoolewa na Pipa wa Moshi, ndoa inaunganisha kile ambacho karatasi ilikitenga.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi huohuo, na Waingereza hawakuirudisha hadi Machi 1916, majeshi ya Smuts yalipoingia. Katika riwaya, mfanyabiashara kama Pipa, mwenye mke upande mmoja na maskani upande wa pili, anageuka kuwa mtu wa kutumiwa na kila jeshi kupeleka habari na kutiliwa shaka na kila jeshi. Vassanji ni hodari sana katika kurasa hizi. Hasimulii vita kwa mapigano, bali kwa hofu ya mwenye duka anayepewa barua asiyoweza kuisoma na kuambiwa aifikishe. Barua hizo na shajara ni kitu kimoja kwake: maandishi yenye uwezo wa kumwangamiza, na yasiyomwambia neno.

Kitanda chenye hukumu mbili

Pipa ni mhusika aliyechorwa kwa kina kuliko wote katika riwaya, pengine kuliko mwandishi alivyokusudia. Hata jina lake halitokani na ukoo. Pipa ni jina la utani lililowaganda watu wa kwao, na yeye hana nasaba ya kuisimulia mbele ya watu. Alikulia Moshi bila baba wa kumshika mkono na kumtambulisha msikitini. Kwa mtu wa namna hiyo, ndoa na mpwa wa mukhi ilikuwa mlango wa kuingia katika jamii yenye majina. Ndiyo maana usiku wa harusi unamuumiza kuliko wivu wa kawaida wa mume. Mlango alioufungua, anaona, ulikwisha kufunguliwa na mwingine.

Katika mila za harusi za pwani, na katika jamii nyingi za bara zilizoathiriwa nazo, kitanda cha bibi harusi hutandikwa kisarawanda, kitambaa kinachopaswa kutoa ushahidi. Kitambaa hicho hukabidhiwa wazee wa kike, na kutoka kwao habari husambaa. Kwa upande mwingine kuna ile methali: kitanda hakizai haramu. Jambo ambalo halijapewa uzito katika uhakiki wa riwaya hii ni kuwa kitanda ni kilekile. Usiku wa kwanza kinatoa ushahidi dhidi ya mwanamke, na miezi tisa baadaye kinakataa kutoa ushahidi dhidi ya mtoto. Hukumu ya kwanza inafichua, ya pili inasitiri. Na anayesitiriwa na hukumu ya pili ni mtoto pamoja na baba, kwani mume naye huokolewa na fedheha ya kulea mwana wa mwenzake. Mama peke yake ndiye aliyekwisha kufichuliwa, na hakuna methali inayorudi nyuma kumfunika.

Pipa angeweza kuishi ndani ya hukumu ya pili. Jamii ilimpa nafasi hiyo. Mtoto ni wake kisheria, anaitwa wake, na hakuna mtu wa Kikono anayemdai. Kinachomnyima amani ni ushahidi wa aina nyingine ulioingia pamoja na ukoloni: macho ya kijivu, yaani nasaba inayosomwa kwenye mwili, na shajara, yaani nasaba inayosomwa kwenye karatasi. Ukoloni wa wakati huo uliwapanga watu kwa rangi. Mzungu, Mhindi na Mwafrika walihesabiwa mbalimbali na kutawaliwa mbalimbali, na mtoto ambaye mwili wake haukuafiki fungu aliloandikwa alikuwa tatizo la kiutawala kabla hajawa tatizo la kifamilia. Pipa ameiingiza kanuni hiyo nyumbani mwake bila kujua. Anamtazama mwanawe kama karani wa sensa.

Inafaa kuweka kando ya hili riwaya ya Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed, ambamo nasaba iliyofichwa inapofichuka huleta maafa, na maafa hayo ndiyo hukumu ya mwandishi kwa tabaka lililoificha. Huko ufichuzi ni haki iliyochelewa. Vassanji hatoi ufichuzi, na kwa hiyo hatoi hukumu. Msomaji aliyezoea riwaya ya Kiswahili ya miaka ya sabini anaweza kuona kuwa ameponyokwa na kitu, na hisia hiyo isipuuzwe kana kwamba ni ushamba wa kinadharia.

Pepo aliyeulizwa asili yake

Mariamu anaingia katika shajara kwa sauti ya kilio. Watu wake wanaamini amepagawa, maalim ameitwa, na kisa cha kumtoa shetani kinageuka kuwa mateso. Corbin anasikia, anaingilia kati, na kutokana na hilo Mariamu anaishia kuwekwa nyumbani kwake. Riwaya haifichi kuwa mateso yalikuwa mateso, na uhakiki unaotaka kuitetea mila kwa kuyapunguza utakuwa unamtendea Mariamu dhuluma ya pili. Hata hivyo kuna jambo ambalo ofisa, na baada yake Pius, hawakuwa na masikio ya kulisikia.

Katika uganga wa pwani, pepo anapopanda kichwani huulizwa maswali. Huulizwa jina lake, kabila lake, ametoka wapi na anataka nini. Wapo pepo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai, hata wa Kizungu, na kila mmoja husema kwa lugha yake na kudai ada yake. Mwenye kupagawa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Kwa maneno mengine, utamaduni huo una utaratibu kamili wa kumhoji mwanamke kuhusu asili, na wa kumpa nafasi ya kusema yasiyosemeka bila ya yeye kuwajibika kwa aliyoyasema. Mwanamke aliyenyamazishwa na mume, baba au mjomba, akipandwa na pepo husikilizwa. Maalim wa Kikono hafiki huko. Anapiga badala ya kuuliza. Naye Corbin, kwa kuokoa, anaufunga mlango huo moja kwa moja, kwani kuanzia hapo Mariamu hatasikika tena ila kupitia kalamu yake.

Kwa hiyo Mariamu anazungukwa na wanaume wanne wenye njia nne za kutaka ukweli wake. Maalim ana fimbo, Corbin ana shajara, Pipa ana kitanda, na Pius ana utafiti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali ambalo hata pepo angeulizwa: unataka nini?

Baada ya kifo chake jambo hilo linarudi kwa sura nyingine. Pipa anaitunza shajara katika pembe ya siri ya duka lake, mahali panapofanana na mzimu wa kutolea nadhiri, na anazungumza humo na roho ya Mariamu. Hawezi kusoma hata mstari. Lakini anaamini kuwa mke wake yumo, na kwa namna yake yuko sahihi. Shajara imekuwa kiti, na Mariamu amepanda. Hapa riwaya inafikia kilele chake cha kisanaa, na inafikia hapo kwa kuyatumia mapokeo ya pwani kwa undani zaidi kuliko msimulizi wake anavyoyaelewa. Pius anayasimulia haya kama huzuni ya mfanyabiashara mzee asiyesoma, ilhali Pipa ni mtu pekee katika kitabu kizima anayekaa mbele ya maandishi hayo akisubiri Mariamu aseme. Wengine wote wanasubiri Corbin aseme.

Nani anasitiriwa?

Kiswahili kinatofautisha siri na sitara, na tofauti hiyo haikuingia vizuri katika mijadala ya Kiingereza kuhusu riwaya hii. Siri ni jambo lililofichwa, haijalishi limefichwa na nani wala kwa nini. Sitara ni tendo. Mtu humsitiri mwenziwe: humfunika nguo, humfungia pazia, hulinyamazia kosa lake ili asifedheheke. Sitara ina mtendaji na mtendewa, kwa hiyo inaweza kuulizwa swali la haki ambalo siri haiwezi kuulizwa. Nani amesitiriwa, na nani ameachwa uchi?

Sehemu ya pili ya riwaya inahamia Dar es Salaam ya baada ya vita vya pili, kwa Pius mwenyewe aliyewasili kutoka Goa kufundisha, kwa Gregory, mshairi wa Kiingereza na mwalimu mwenzake, na kwa Rita, mwanafunzi aliyempenda bila kumwambia. Rita anatoroka na Ali kwenda London. Kiusimulizi sehemu hii ni hafifu kuliko ya kwanza. Matukio ni mengi, wahusika wanapita haraka, na mapenzi ya Pius yanapewa kurasa ambazo msukumo wa riwaya haukuzidai. Lakini ndiyo inayomleta Rita mwishoni, amerudi Dar es Salaam, na ni Rita anayemfanya Pius aone kuwa utafiti wake unagusa watu walio hai. Pius anaachia. Shajara pamoja na yote aliyoyaandika vinatoka mikononi mwake, na Rita ndiye anayeachiwa uamuzi.

Ukilitazama kama sitara, tendo hilo lina heshima yake. Ali ana haki ya kutofanywa mfano wa darasani. Rita ana haki ya kulinda nyumba aliyoijenga, hata kama imebomoka. Mtafiti ambaye hajawahi kuamua kuliacha jina fulani nje ya tasnifu yake labda hajafanya kazi uwandani kwa muda wa kutosha. Hadi hapo Pius anaeleweka, na riwaya inastahili sifa kwa kumfanya mwanahistoria atambue kuwa kuna maarifa yasiyo yake.

Lakini orodha ya waliositiriwa ni ndefu kuliko Ali na Rita. Corbin, aliyepanda cheo hadi kuwa gavana na kuitwa Sir, amesitiriwa. Mukhi, aliyemtoa mpwa wake nyumbani kwa ofisa na kisha akamwoza haraka, amesitiriwa. Yeyote aliyemwingilia Mariamu kabla ya ndoa, kwa hiari yake au kwa nguvu, naye amesitiriwa, na inapasa kusisitizwa kuwa riwaya haitoi sababu ya kutosha ya kudhani kuwa ilikuwa kwa hiari. Mjadala wa wahakiki kama Corbin ndiye baba au siye huchukulia kwa wepesi mno kuwa kilichofichwa ni mapenzi. Muuaji wa Mariamu amesitiriwa kuliko wote. Mwanamke huyu aliuawa kikatili, vita vikitumika kama kisingizio cha kutouliza, na Pius, anayetumia miezi kuchunguza macho ya kijivu ya mtoto, hatumii bidii inayolingana na hiyo kuuliza nani aliyemuua mama. Anapoyaacha maswali, anayaacha yote mawili kwa tendo moja, kana kwamba yana uzito mmoja na kwamba kunyamazia nasaba na kunyamazia mauaji ni adabu ileile.

Je, hili ni kosa la Pius au la Vassanji? Msimulizi na mwandishi wasichanganywe, na yapo mambo katika maandishi yanayoonyesha kuwa mwandishi anaona zaidi ya msimulizi wake: ile pembe ya duka, kwa mfano, na ukweli kwamba ni Mariamu mwenyewe aliyeichukua shajara. Tendo hilo la kuchukua ndilo kauli yake pekee isiyopita kwenye kalamu ya mwanamume. Alikichukua kitabu ambamo aliandikwa. Alitaka kukificha, kukiharibu au kukitunza kama ushahidi, hatuelezwi. Riwaya ingeweza kulifanya tendo hilo kuwa kitovu chake. Badala yake inalipita, ikarudi kwenye swali la baba. Hapo ni vigumu kumtetea mwandishi kwa kujificha nyuma ya msimulizi, maana mpangilio wa msuko ni wa mwandishi.

Ulinganisho na Desertion ya Abdulrazak Gurnah (2005) unalionyesha hili wazi zaidi. Gurnah naye anaweka nyakati mbili, mji wa pwani ya Kenya mwaka 1899 na Unguja ya miaka ya hamsini na sitini, na naye anaanza na Mwingereza, Martin Pearce, na mwanamke wa jamii ya wafanyabiashara, Rehana. Lakini hakuna shajara ya kuhojiwa. Msimulizi, Rashid, anaukatiza usimulizi na kukiri kuwa hajui mapenzi ya wawili hao yalianzaje, kisha anaendelea kwa kubuni mbele ya macho ya msomaji. Habari za Rehana zimehifadhiwa midomoni mwa watu, na midomo haikumsitiri. Fedheha yake inamfuata mjukuu wake Jamila hadi Unguja, na ndiyo inayowafanya wazazi wa Amin wamkataze mtoto wao kumpenda. Kwa Gurnah, nasaba si fumbo hata kidogo, kwa kuwa kila mtu anaijua, na kujua huko ndiko kunakoharibu maisha. Rehana anabaki kuwa mtu mwenye hasira, matumaini na maamuzi, kwa sababu riwaya haikumgeuza kuwa jibu la swali la mtu mwingine. Mariamu hakupata bahati hiyo.

Mfasiri atakayeileta riwaya ya Vassanji katika Kiswahili atakutana na tatizo hili kwenye jalada, kabla ya kufika ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Siri ni tafsiri sahihi ya jina la Kiingereza. Kitabu cha Siri Zetu ni jina walilolitumia watu wa Kikono. Akichagua la pili, kama inavyofaa, itambidi aamue pia kama Mariamu ni mmoja wa hao wanaosema zetu, au kama yeye ndiye siri yenyewe.